Kikavunjika au ikavunjika: ngeli zinavyobeba habari, na Lubumbashi inavyozihamisha

Kikombe kilianguka juu ya sahani, kikavunjika.

Kikombe kilianguka juu ya sahani, ikavunjika.

Sentensi hizi mbili zinapishana kwa konsonanti moja. Kwa ya kwanza utanunua kikombe kingine, kwa ya pili utanunua sahani. Hakuna nomino iliyorudiwa wala kidole kilichonyooshwa. Kazi yote imefanywa na kiambishi cha ngeli kilichokaa mbele ya kitenzi.

Sasa ipeleke habari hiyo Kamalondo, Katuba au Ruashi, uisikie inavyosemwa na watu wa Lubumbashi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo: "Kikombe ilianguka juu ya sahani, ikavunjika." Hapa i- inaweza kuwa kikombe, inaweza kuwa sahani. Lakini mwenyeji haachi habari ikining'inia. Atasema "sahani njo ilivunjika" (njo ni "ndiyo" ya sanifu), au "ile sahani ikavunjika". Habari ile ile imefika kwa mlango mwingine. Sisi tunaotafsiri na kuhariri matangazo ya Kiswahili mjini hapa, mengi yakitoka Kifaransa, tumejifunza kuuliza swali moja mbele ya kila sentensi: habari ya "nani" na "nini" imebebwa na neno gani, na je, msomaji wetu amezoea kuitafuta hapo?

Kifaransa nacho kina makundi ya nomino, lakini ni mawili tu. "Le verre est tombé sur l'assiette et il s'est cassé" inaeleweka, kwa sababu bilauri ni ya kiume na sahani ni ya kike. Weka "la tasse" badala ya "le verre", na "elle" inakuwa fumbo. Hesabu yake ni rahisi. Kama lugha ina makundi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, vitu viwili vinavyotajwa pamoja vitaangukia kundi moja mara moja katika kila mbili. Kiswahili sanifu, kwa vitu visivyo na uhai katika umoja, kina viambishi vinne vya kitenzi: u-, li-, ki- na i-. (Wanaotaja vitano wanasahau kwamba mti na ukuta vyote huchukua u-: mti umeanguka, ukuta umeanguka.) Vinne vikigawana sawa, mgongano ni mara moja katika nne.

Tatizo ni kwamba havigawani sawa. Ngeli ya nyumba na meza imemeza vitu vingi vilivyoingia kwa meli, kwa reli na kwa simu: redio, betri, kadi, chaja, kompyuta, baisikeli, ofisi, benki. Chukua maandishi ambayo nusu ya vitu vinavyotajwa ni vya i- na nusu nyingine imegawanywa sawa kati ya u-, li- na ki-. Uwezekano wa vitu viwili kugongana unapanda hadi theluthi moja. Ndiyo maana shairi la kale au maelezo ya shamba hueleweka bila kurudia nomino, ilhali maelekezo ya simu huchanganya hata msomaji wa Dar es Salaam. Tazama hili:

"Toa betri kwenye simu, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha iache kwa dakika 5."

Ifutwe nini? Mhariri mwerevu atabadilisha "simu" iwe "kifaa" ili kuitenga na betri: "Toa betri kwenye kifaa, kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kiache kwa dakika 5." Sasa betri imeondoka kwenye mgongano, lakini kitambaa kimeingia. Kiache kipi? Tumeona marekebisho ya namna hii yakitengeneza shimo jipya hatua mbili mbele ya lile lililozibwa. Kubadilisha nomino ili kupata ngeli tofauti ni mbinu nzuri, mradi usome tena sentensi nzima ukitafuta nomino nyingine zenye kiambishi hicho kipya. Hapa dawa ni kukata: "Toa betri kwenye simu. Futa simu kwa kitambaa kikavu. Iache simu kwa dakika 5." Inachosha sikio kidogo, lakini hakuna atakayefuta betri badala ya simu.

Watu wengi, na hasa walimu, huona "kitabu iko wapi" ya Lubumbashi kuwa uvivu wa ulimi. Hatukubaliani nao. Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini na uchimbaji wa shaba ukaanza kuvuta wafanyakazi: Waluba kutoka Kasai, Wabemba kutoka upande wa Zambia ya leo, na baadaye watu kutoka Rwanda na Burundi, juu ya wenyeji wa Katanga yenyewe. Karibu wote walikuja na lugha za Kibantu zenye ngeli nyingi, nyingine nyingi kuliko za Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kufundishwa ngeli ni nini. Ila ngeli zao hazikulingana, na tunavyoona sisi, kilichobaki ni kile kilichokuwa cha wengi.

Ushahidi uko mdomoni. Kiswahili sanifu: mtu, watu. Kiluba: muntu, bantu. Kibemba: umuntu, abantu. Kinyarwanda: umuntu, abantu. Mashi ya Bukavu: omuntu, abantu. Ba- ilikuwa nyumbani kwa kila mtu, wa- ilikuwa ya Kiswahili peke yake, na Lubumbashi leo ni "bantu", "batoto", "balikuya". Kwa vitu: Kiluba cha Katanga kina kintu, bintu; Kinyarwanda ikintu, ibintu; Mashi ecintu, ebintu. Vi- ikapigiwa kura ikashindwa na bi-, nasi tukapata "bintu" na "bitabu". Kilichosalia katika upatanisho wa kitenzi ni mgawanyo mkubwa: mtu au kitu, kimoja au vingi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya sarufi huliacha wazi bila kulieleza. Ngeli za Kibantu zina namba, mtindo ulioanzishwa na Wilhelm Bleek mwaka 1862, na anayezisoma kwa Kiswahili sanifu ataona zinaruka kutoka 11 hadi 14. Mbili zilizokosekana, 12 na 13, ni ka- na tu-, za udogo. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, huonyesha udogo kwa ki- na vi-: kitoto, vitoto. Lubumbashi, Bukavu na Goma wanasema katoto, tutoto. Namba zilizo tupu kwenye jedwali la shule zimejaa kwenye barabara zetu. Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa mtafsiri. Kwa msomaji wa sanifu, ki- ya udogo inagongana na ki- ya kawaida, kwa hiyo "kijiko" na "kitabu" havimwambii lolote kuhusu ukubwa. Kwa msemaji wa hapa, ka- ina kazi moja tu, nayo ni safi: kidogo, na mara nyingi kinachopendwa au kinachodharauliwa. Ukiandika "kijumba" ukitaka kusema nyumba ndogo, si kila mtu atauona udogo huo. Andika "nyumba ndogo".

Rudi kwenye hoja ya kuhama, maana hapa ndipo penye utajiri. Habari ambayo sanifu huiweka kwenye upatanisho, Lubumbashi imeipa maneno mengine, na kila uhamisho una sababu yake.

Wingi. Katika sanifu, "nyumba" haisemi ni moja au kumi. Yangu na zangu ndiyo yanayosema. Yangu na zangu zikishaungana, wingi ungepotea kwenye nomino na umilikaji wake, kwa hiyo nomino yenyewe imechukua mzigo: "manyumba". Ma- hiyo mwalimu huifuta kwa kalamu nyekundu. Anachofuta ni alama pekee ya wingi iliyobaki kwenye "manyumba yangu" ya mwanafunzi, kisha anashangaa kwamba sentensi haieleweki. Ukisahihisha "manyumba yangu" iwe "nyumba", lazima katika pumzi hiyo hiyo usahihishe "yangu" iwe "zangu". Vinaenda pamoja au visiguswe.

Kujulikana. Kiswahili sanifu hakina "le" na "un" za Kifaransa, lakini kina kiambishi cha mtendwa. "Nimenunua kitabu" ni kitabu chochote. "Nimekinunua kitabu" ni kile tulichokizungumzia. Lubumbashi hukiweka kionyeshi mbele ya nomino: "nilinunua ile kitabu". Mtafsiri anayetoka kwenye Kifaransa bila kujua hili hujaza ukurasa kwa hiki, hicho na kile, moja kwa kila "le". Matokeo ni maandishi yanayonyoosha kidole kila mstari. Kanuni tunayoitumia: kitu kinapotajwa mara ya kwanza, nomino tupu, kinaporudi ndani ya aya hiyo hiyo, kiambishi cha mtendwa, kinaporudi baada ya aya kukatika, nomino pamoja na kionyeshi nyuma yake.

Urejeshi. "Kitabu nilichonunua" inakuwa "kitabu yenye nilinunua", na "watu waliokuja" inakuwa "bantu benye balikuya". Hili halisumbui sana, kwa sababu msomaji aliyepita shule huzitambua -cho- na -o- anapoziona zimeshikamana na nomino yake. Zinasumbua zikitengana: "kitabu cha historia ya mji wetu nilichokinunua". Ziwekeni karibu.

Mahali. Hapa kibao kimegeuka, na Lubumbashi ndiyo iliyo wazi zaidi. Sanifu huongeza -ni: nyumbani. Neno hilo peke yake halisemi ni ndani, ni karibu au ni upande huo. Unasubiri neno linalofuata, nyumbani mwangu, kwangu au pangu. Msemaji wa hapa anaweka tofauti hiyo mwanzoni kabisa: "mu nyumba", "ku nyumba", "pa nyumba". Unapomhariri mwandishi wa hapa na kugeuza "mu nyumba" iwe "nyumbani", umetupa habari ya ndani. Andika "ndani ya nyumba" au "nyumbani mwake". Tumeona ilani ya usalama iliyokusudia kusema "msiweke jenereta ndani ya nyumba" ikitoka "msiweke jenereta nyumbani". Familia inayotii maneno hayo haitaweka jenereta hata uani, na isiyotii haitajua kwamba hatari ni moshi uliofungiwa ndani.

Kupungua kwa makundi hakukuanzia Katanga wala hakutaishia hapo. Kichina, ambacho siku hizi kinasikika kwenye migodi kutoka Kolwezi hadi hapa, hakiwezi kuhesabu kitu bila neno la kundi: zhang kwa vitu bapa kama karatasi na meza, tiao kwa virefu kama mto na barabara, ben kwa vitabu. Katika mazungumzo ya kila siku neno la jumla, ge, huchukua nafasi ya mengi ya hayo, kama i- yetu. Na si kila kundi linafuata umbo: Kidyirbal cha Australia kina makundi manne, na wanawake, maji na moto wamo katika moja.

Uhai ni mada ya pekee, na ni mahali ambapo sanifu na Lubumbashi zinakubaliana. Uhai hushinda umbo la neno. "Ndege ametua" ni yule wa mabawa ya manyoya; "ndege imetua" ni ile ya uwanja wa ndege wa Luano, hapa mjini. Kiboko amelala mtoni, lakini kiboko kimening'inizwa ukutani. Mwandishi asifanye mzaha na jambo hili katika habari za ajali au mifugo. Mtego wake uko kwenye umilikaji. Aliyefundishwa kwamba watu huchukua w- huandika "mama wangu" na "ndugu wangu", akidhani anapanda daraja. Sanifu inasema mama yangu, ndugu yangu, ndugu zangu. Majina ya jamaa yenye umbo la ngeli ya nyumba hubaki na y- na z- katika umilikaji, hata kitenzi kikisema amekuja.

Aina za maneno kwa maana ya nomino, kitenzi na kivumishi zinatupa shida ya namna nyingine. Kifaransa kina vivumishi tele. Kiswahili kina mashina machache ya asili, -zuri, -dogo, -refu, -pya na wenzake, kisha kinaazima safi, ghali, muhimu, ambayo hayachukui kiambishi. Hali nyingi ambazo Kifaransa huziita kivumishi, Kiswahili huzipa kitenzi chenye -me-: amechoka, ameshiba, amelewa, limeiva, limejaa. Kitenzi hudai vitu viwili ambavyo kivumishi cha Kifaransa hakivitaji: mwenye hali ni nani, na wakati. Ndiyo maana neno moja mlangoni, "Fermé", linaweza kumkalisha mtafsiri nusu saa. Duka limefungwa, ofisi imefungwa, kituo kimefungwa. Kama kibandiko kimoja kitatumika kwenye milango yote, ngeli ya mahali inakuokoa: "Pamefungwa". Pa- inashika sehemu yenyewe, iwe duka au ofisi. Kadhalika "Pamejaa" na "Panakodishwa".

Upande wa kujenga maneno, kiambishi cha mbele na mkia wa nyuma hugawana kazi. Shina -som-: msomaji (m- ya mtu, -aji ya mwenye kufanya), msomi (-i, aliyeiva katika kazi hiyo), somo (-o, kitu kinachosomwa), usomaji (u-, tendo lenyewe kama wazo). Shina -fung-: mfungwa ana -wa ya kutendwa, kifungo kina ki- na -o. Anayetengeneza faharasa ndogo ya maneno ya hospitali au ya mgodi asiyapange kwa herufi ya kwanza, atajaza kurasa za M na K na kuacha nyingine tupu. Apange kwa shina, na kila nomino aiandike pamoja na kitenzi kimoja, umoja na wingi: mto umefurika, mito imefurika. Bila kitenzi, "mto" na "mtu" zinaonekana ndugu, na mgeni atasema mto amefurika.

Kuhusu kompyuta, onyo moja kwa wanaosanifisha maandishi ya hapa. Usiamuru mashine ibadilishe kila bi- ya mwanzo iwe vi-. Bintu na bitabu vitaenda salama, lakini biashara, birika, bibi na Biblia vitaharibika. Vivyo hivyo ba- kwenda wa-: batoto ndiyo, baba, barua na baraza hapana. Katika nomino hizo bi na ba ni sehemu ya shina. Badilisha vitenzi kwanza, kwa kuwa huko ba- na bi- mbele ya alama ya wakati (bali-, bina-) karibu kila mara ni viambishi, kisha nomino moja moja kwa jicho.

Ukaguzi wenyewe tunaufanya kwenye karatasi iliyochapwa kwa nafasi pana. Pigia mstari kila kitenzi kisicho na nomino yake ya mtenda ndani ya sentensi, na kila kiambishi cha mtendwa. Kutoka kila mstari chora mshale kurudi kwenye nomino inayohusika. Kisha hesabu nomino nyingine, zilizo njiani, zinazochukua kiambishi hicho hicho. Ikiwa ipo hata moja, rudia nomino. Kama mshale umevuka nukta, rudia nomino hata kama hakuna mgongano, kwa sababu msomaji ambaye mdomoni mwake kila kitu ni i- anaitambua ki- akiwa bado anaiona nomino yake, na huipoteza akishaanza sentensi mpya. Kwa mfano: "Mgonjwa ameze kidonge kimoja kwa maji. Kihifadhiwe mbali na jua." Katika sanifu haina kosa. Hapa tunaandika "Hifadhi vidonge mbali na jua."

Mwisho msomee mtu ambaye hakuhusika na kazi hiyo, kwa sauti, mara moja tu. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa adabu. Muulize: "Nini inawekwa mbali na jua?" Akijibu "dawa", endelea na ukurasa unaofuata. Akijibu "maji", chukua kalamu.